Mwaka Niliokaa Katikati ya Kiti

Feza alifika wakati watu wa matanga walikuwa wameanza kupungua na sufuria kubwa za kuazima zilikuwa zimerudishwa kwa wenyewe. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu hapa Kasongo, akakung'uta vumbi la njia ya Kabambare kwenye kitenge chake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wangu. Hakupiga kelele za kilio. Alikaa, akanyoosha miguu, akaweka mkono wake mgongoni mwangu, hapa chini karibu na kiuno, akauacha hapo. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele upande wa pili wakaacha kuchambua. Nilijua wanachowaza. Wenye umri wangu wanakumbuka vizuri kwamba huyu ndiye Feza aliyetaka kumchukua Amisi, na sasa Amisi amekufa, amekuja kutafuta nini? Mimi nilikuwa mjane wa siku chache, macho yamevimba, lakini niliona jinsi wanavyomtazama, na wivu wangu wa zamani ukaamka. Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nilizaliwa nao, sikuwahi kuuombea radhi, na sitaanza leo. Watu wengine wana pumu, mimi nina wivu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule Amisi alipotoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Salamabila na kusema hatateremka tena chini ya ardhi. Alikuwa ameweka akiba kidogo, na alitaka pikipiki ya safari ndefu, ya kubeba mtu kutoka Kasongo, kupita Lusangi na Kabambare, mpaka Salamabila. Tulikuwa hatujapata mtoto bado. Yeye alikwenda msikitini Ijumaa, mimi nilikwenda misa Jumapili, na siku zilizobaki tulikula sahani moja bila kugombana juu ya Mungu. Lakini dini yake ilimruhusu mke wa pili. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, nikafikiri nimelimeza, kumbe limekaa hapo kooni linangoja. Ndipo akaja Feza. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, ameachana na bwana wake, anauza vitenge na samaki wakavu kwa wake za wachimbaji, na alikuwa amechoka kubadilisha madereva kila safari. Alimwahidi Amisi kwamba akinunua pikipiki, yeye Feza atakuwa abiria wake wa kudumu. Kila mtu aliniambia abiria wa kudumu ni baraka, na kila aliyeniambia alikuwa anaficha tabasamu.

Pikipiki zilikuwa mbili, kwenye duka la Mzee Sumaili karibu na soko. Nalikumbuka duka lile kuliko ninavyokumbuka chumba nilimoolewa: giza kidogo, harufu ya matairi mapya na sabuni ya mche, beseni za plastiki zimening'inizwa juu, na zile pikipiki mbili zimesimama chini yake zimefungwa bado makaratasi kwenye mikono. Moja ilikuwa nyekundu, fupi kwa kimo, kiti chake kirefu na cha kulala sawa, na nyuma ina chuma cha kufungia mizigo. Nyingine ilikuwa ya buluu, ndefu, springi zake nene, tumbo lake liko juu sana ya ardhi. Kiti chake kilikuwa kifupi, kimeinuka nyuma na kuteremka mbele. Madereva waliokuja kutoa shauri walisema ya buluu ndiyo ya njia yetu, kwa sababu haisuguliwi tumbo kwenye matope wala kwenye madaraja ya miti. Wengine walisema dereva anaweza kufurahi juu ya ile ya buluu, lakini abiria atafika Salamabila kiuno kimevunjika. Amisi alizunguka, akainama, akabonyeza springi kwa kiganja, akakaa juu ya hii, akakaa juu ya ile. Mimi nilitazama kiti tu. Hakuna kitu kingine nilichokiona kwenye pikipiki zile.

Msiokuwa wa huku lazima mwelezwe jambo la sakoshi, mkoba wa mwanamke. Kwetu, mwanamke akipanda nyuma ya mwanamume asiye wake, anaweka sakoshi yake katikati, baina ya mgongo wa dereva na kifua chake. Hakuna sheria iliyoandikwa, hakuna padre wala shehe aliyelihubiri, lakini mtoto wa Kasongo anakua akijua. Asiye na sakoshi anaweka kikapu, asiye na kikapu anaviringisha kitenge cha pili. Na wanawake wa sokoni wanaisoma sakoshi ile kuliko wanavyosoma kitabu cha nyimbo. Iko katikati, hakuna neno. Iko kwenye paja, wanakohoa. Imetundikwa begani, basi kufika jioni mke wa dereva amekwisha kuletewa habari hata kama amejifungia ndani. Sasa tazameni kiti cha ile ya buluu, kifupi na cha kuteremka, na mniambie sakoshi ingekaa wapi. Ndiyo maana nilisimama mbele ya Mzee Sumaili na kusema nataka nyekundu, na Amisi akashangaa kwamba mke wake ana maoni juu ya pikipiki.

"Iko chini sana hii, Tabu," akasema. "Mu matope itakwama."

"Itakwama wapi? Weye unajua kuendesha."

Mzee Sumaili, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, akasema, "Mwana, bibi yako anaona mbali. Abiria akichoka, hatapanda tena."

Mambo yangekwisha hapo kama Amisi asingemwita Feza aje kuzijaribu. Alisema ni haki, kwa kuwa yeye ndiye atakayekaa nyuma. Feza akaja na kanga ya kichwa ameifunga vizuri, akapanda nyekundu, akateremka, akapanda ya buluu, akateremka, akapapasa kile kiti kirefu kama anapapasa kitambaa cha kununua. "Nyekundu," akasema. "Ile ingine itaniua mugongo." Ikiwa Feza anaitaka nyekundu, nyekundu ina nini ambacho sikukiona? Nikageuka pale pale mbele ya watu na kusema hapana, nimewaza vizuri, ya buluu ndiyo nzuri. Amisi akanitazama, akamtazama Mzee Sumaili, akacheka peke yake. Akasema basi panda tuijaribu. Tukatoka mpaka mteremko wa kwenye misheni, nimekaa nyuma yake, na mara tu pikipiki ilipoanza kuteremka nikaporomoka juu ya kiti kile mpaka nikagandamana na mgongo wake, shavu langu shingoni mwake. Ilikuwa tamu, sisemi uongo. Nilikaa hivyo mpaka chini kabisa ya mteremko, na chini kabisa nikawaza Feza akiporomoka vile vile kila mteremko kutoka hapa mpaka Salamabila. Tuliporudi dukani nilisema nyekundu, na kwamba yeyote atakayeniuliza tena atanitambua.

Tulinunua nyekundu. Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Nilisimama sokoni asubuhi ya safari, karibu na Mama Zuhula anayeuza mikate ya mafuta, nikamwangalia Feza akipanda, akiweka sakoshi yake nyeusi katikati, na nafasi ikabaki hata ya sakoshi nyingine. Mama Zuhula akanipa mkate bila kudai kitu, akasema, "Umechagua vizuri, mama." Nilirudi nyumbani nikalala usingizi wa mchana. Wiki iliyofuata nikaja tena kujifurahisha, na hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Kiti kirefu hakikosi watu wa kukikalia. Amisi alikuwa amegundua, kama dereva yeyote mwenye akili angegundua, kwamba nafasi ile niliyoitafutia sakoshi inatosha abiria wa pili. Alimpakia mchimbaji mmoja mnene nyuma kabisa, na Feza akasukumwa mbele. Sakoshi ikahamia kwenye chuma cha mizigo. Wakaondoka mbele ya soko zima, watatu juu ya kiti nilichokichagua mimi mwenyewe, na Feza katikati amebanwa kwenye mgongo wa bwana wangu hata upepo usingepita. Mama Zuhula alikuwa anageuza mikate yake kwenye mafuta. Siku ile nililipia mkate wangu.

Ningeweza kulia, ningeweza kwenda kwa wazee. Watu walisema wazi sasa kwamba kabla ya mavuno ya mpunga Amisi ataoa, na waliokuwa wananiita mama Tabu walianza kuniita bibi mukubwa, jina la mke wa kwanza, linalofanya mtu azeeke siku hiyo hiyo. Nilichofanya, nilikaanga samaki, nikamwekea Amisi bugali, nikangoja ale ashibe. "Safari ingine ninakwenda na mimi," nikamwambia. "Nitauza chumvi na sabuni. Nafasi ya yule mutu munene ni yangu." Amisi akatafuna polepole. Akasema nitakaa nyuma kabisa basi. Nikamwambia hapana. Nyuma kabisa atakaa Feza, ni mwembamba, na mimi nitakaa katikati. Na ndivyo ilivyokuwa, mwaka mzima wa biashara. Nilikuwa sakoshi yenye macho na masikio.

Sikutegemea kwamba Feza atafurahi. Asubuhi ile ya kwanza alinisogezea kitenge chake nikae juu yake, akapanda nyuma yangu, akanizungushia mikono miwili kiunoni. "Shika bwana yako vizuri, mudogo yangu," akasema sikioni. "Mimi nitakushika weye." Nilikaza mgongo kama ubao mpaka Lusangi. Nilikuwa nimejiandaa kusikiliza wanachoambiana, na kweli waliambiana, kwa kupigiana kelele juu ya kichwa changu: bei ya chumvi, daraja gani limeondoka, nani ameanguka na mzigo wa bia. Nilitafuta sumu kwenye maneno yale nikakosa, na kukosa huko kukanitia wasiwasi zaidi. Lusangi tulikuwa tunasimama kwa mwanamke anayepika wali na sombe, majani ya muhogo kwa mawese, chini ya paa la majani, meza moja na benchi mbili. Amisi alikaa upande mmoja peke yake. Sisi wawili tulikaa upande wa pili, kwa sababu sikukubali Feza akae mahali nisipoweza kumgusa. Alipochukua kipande cha samaki akamwekea Amisi, nilikitoa nikakiweka kwenye sahani yangu nikakila. Feza akachukua kingine, akaniwekea mimi. Akasema, "Kula, njia iko mbele."

Kabambare tulikodi chumba nyuma ya nyumba ya mjane mmoja wa kabila la Wabangubangu. Kuta za udongo zilizopakwa chokaa nyeupe mpaka nusu, kitanda kimoja cha miti, msumari wa kutundikia nguo, dirisha la ubao linalotazama mihogo. Mtu na mkewe ndio wangelala kitandani na mgeni akalala chini, ungefikiri. Lakini Amisi aliogopa wezi wa pikipiki, akatandika mkeka barazani na kulala ameiegemea, na mimi niliogopa kumwacha Feza nisikomwona, nikamlaza kitandani kwangu, upande wa ukuta. Amisi alilinda pikipiki, mimi nilimlinda Feza. Asubuhi tulikunywa chai na kiazi cha kuchoma tukiwa tumekaa kwenye kizingiti, na Feza alinifundisha jinsi ya kukunja kitenge ili mteja aone maua kabla ya kuona doa. Alinifundisha kuamkia na kupatana bei kwa Kibangubangu. Alinieleza jinsi alivyoachwa kwa sababu hazai, akasema bila kujihurumia, akipuliza chai yake. Njiani, kidevu chake kikiwa begani mwangu, alinisimulia kila nyumba tuliyoipita, nani amemkimbia nani, na alikuwa na kicheko cha chini chini ambacho sikukisikia kwa masikio tu, nilikisikia kwenye mbavu. Wivu wangu haukuondoka. Ulikaa nasi, wa nne juu ya kiti. Ila sikuwa nikiuangalia sana, nilikuwa na mazungumzo.

Siku niliyoambiwa kweli ilikuwa mchana wa mvua, Salamabila, kwenye mgahawa wa mbao ambamo wachimbaji wanakula na magoti yao yamejaa udongo. Tulikwama pale tukingoja njia ikauke. Niliingia jikoni nyuma kumsaidia mwenye mgahawa kukaanga samaki, kwa sababu nilipenda wakaangwe wakauke kabisa. Ukuta baina ya jiko na meza ulikuwa mbao zilizopishana, na meza yetu ilikuwa imegusana na ukuta ule. Nikasikia Amisi amesafisha koo, namna anayofanya akitaka kusema jambo zito.

"Feza, mi nimewaza sana. Niko nataka kwenda kwenu, nione wazee wako. Dini inakubali."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Mvua ilikuwa inapiga bati na nikaogopa itanizibia jibu, nikasogea mpaka pua yangu ikagusa ubao. Nilingoja kusikia mwisho wa nyumba yangu, na niliwaza vitu vya kipuuzi, kwamba sufuria ya buluu ya jikoni mwangu Feza hataipata.

"Tabu anajua?" Feza akauliza.

"Atajua."

"Apana, Amisi."

"Sababu gani? Mi siko mutu mubaya."

"Hauko mubaya. Lakini bwana mi nitapata hata kesho, hapa Salamabila wamejaa. Mutu wa kwenda naye njia, wa kulala naye chumba kimoja na kusema naye mupaka usingizi, huyo nitamupata wapi? Ukinioa, Tabu hatanisemesha tena. Usiniambie tena ile maneno."

Samaki waliungua upande mmoja. Niliwageuza, nikawapanga kwenye sahani, nikatoka nikawaweka mezani na kukaa mahali pangu. Amisi alitazama mvua. Feza alinisogezea pilipili. Nilimchukia bwana wangu wakati ule chuki safi kabisa, na nilimpa mkia wa samaki, na alikula mkia bila kuuliza, ndipo nikajua kwamba anajua anastahili mkia. Lakini kile kilichokuwa kinanipiga kifuani hakikuwa chuki. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu wa kumwambia alikuwa yule aliyekaa kando yangu anatoa miba. Kurudi Kasongo nilimwachia mgongo wangu wote. Aliegemea akasinzia, na mimi nilijikaza kwenye kila shimo ili asishtuke.

Mwaka ule ulipokuwa unakwisha nikashika mimba, na wanawake wazee wakanikataza njia. Feza hakutaka kupanda peke yake nyuma ya Amisi. Alitoa sababu ya samaki kuwa ghali Kasongo, akahamia Kabambare, akaanza biashara huko. Sikumwomba abaki. Ningeombaje bila kusema nilichosikia? Amisi hakuoa mke wa pili, si mwaka ule wala baadaye, na alikuwa bwana mwema kwangu mpaka ugonjwa ulipomchukua. Hakujua kwamba najua. Kasongo nzima ilinipongeza kwa kumshinda Feza. Mama Zuhula alisema mbele ya watu kwamba mwanamke anayelinda nyumba yake ndiye huyu, na mimi nilipokea mkate wake nikala. Lakini kila pikipiki iliyotoka upande wa Kabambare niliitazama nani yuko nyuma, na nilipoletewa salamu za Feza na dereva fulani niliuliza mambo mengi kuliko yaliyonihusu: anakaa na nani, anakwenda Salamabila na nani, amenenepa au amekonda. Nilimlilia Amisi siku hizi machozi ya kweli, alikuwa mtu wangu. Hata hivyo, hapa kwenye mkeka, mkono ule ulipokaa kiunoni mwangu, nilijua miaka yote ile nilikuwa nimeukosa.

Tulikaa hivyo mchana kutwa. Wanawake walituletea wali, tukala sahani moja, na wakatazama wakachoka. Aliniuliza kama Amisi aliteseka, nikamwambia kidogo. Aliniuliza kama ninalala, nikamwambia hapana. Kisha simu yake ikalia ndani ya kitenge. Akaitoa, akatazama jina, na uso wake ukafunguka. Nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili, sauti yenye mazoea, na Feza akacheka kile kicheko cha chini chini. Akafunika simu kwa kiganja.

"Ni Shukuru," akanieleza. "Tunafanya naye biashara kule Kabambare. Miaka mingi sasa. Anauliza narudi siku gani."

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujakauka, nguo ya matanga iko mwilini, watu wote wamekaa, na wivu ulinipanda, ule ule, haujazeeka hata kidogo.

"Mwambie unakaa hapa mupaka arobaini," nikasema.

Feza akanitazama kidogo, akarudisha simu sikioni, akamwambia.